Mtungi wa pili au presha kuka ya umeme? Namjibu mdogo wangu wa Kasulu

Marahaba mdogo wangu. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ngoja niuweke hapa kwa kifupi ili na wengine wajue tunaongelea nini. Upo Kasulu, nyumbani mko sita ukimhesabu na mama mkwe, mna mtungi wa kilo 6 ule wa kufunga jiko juu yake, hauvuki wiki tatu na siku mbili tatu, hapo hapo na mkaa mnanunua. Umejibana umepata laki na themanini. Baba watoto anasema ongezea mchukue mtungi wa kilo 15, wewe moyo uko kwenye presha kuka ya umeme uliyoiona dukani, mama mkwe anasema hayo madude yanalipuka, na jirani yako ya kwake ilikufa hata mwaka haikufikisha. Alafu mwisho ukauliza na birika la umeme. Umesema unataka jibu la mtu aliyetumia mda mrefu, sio la muuzaji.

Basi mimi sio muuzaji. Nimefundisha upishi chuoni hapa Kigoma miaka 11, sasa hivi nna mgahawa mdogo hapa hapa mjini, mtaa wa Mwanga, na nyumbani kwangu nimeshapika kwa kuni, kwa mkaa, kwa jiko la mafuta ya taa, kwa gesi na kwa umeme. Presha kuka ya umeme nliyonayo ni ya mwaka 2020, lita 6, mpaka leo naandika hapa inapika. Na nna daftari. Kila mtungi ukifungwa naandika tarehe, ukiisha naandika tarehe, na kwenye luku nimepima chakula kimoja kimoja, nazima friji na kila kitu, nasoma uniti kabla, napika, nasoma tena. Nlianza kufanya hivyo sababu ya wanafunzi, kila mmoja alikuwa ananiambia umeme ni ghali na mwingine gesi ni ghali na hakuna hata mmoja aliyepima.

Jibu langu nalitoa mapema kabisa: nunua presha kuka, mtungi wa 15 uache kwanza. Ila sababu zake ni muhimu, na kuna presha kuka ya kununua na ya kuiacha dukani, kwaiyo usikimbie.

Nianze na maharage maana hapo ndo pesa yako inapopotelea na naona wewe mwenyewe hujapaona. Umesema mnapika maharage mara tatu kwa wiki na huwa mnayabandika bila kuloweka. Sasa Kasulu mko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, sisi huku ziwani tuko kama 770. Ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi na maji yanachemka mapema kabla hayajafika nyuzi 100, hapa Kigoma mjini yanachemka kwenye 97 na kidogo, kwenu huko kama 96. Inaonekana tofauti ndogo lakini maharage yanaiona. Ndo maana dada yangu aliyeolewa huko kwenu akija huku na maharage yale yale ya kwao anashangaa yameiva mapema, anadhani nimeweka magadi. Sufuria yako inachemka kwa fujo kabisa, mapovu yanaruka, wewe unaongeza moto ukidhani inasaidia, na maji hayapandi hata nyuzi moja zaidi, moto wote unaishia kwenye mvuke unaotoka dirishani.

Presha kuka inafanya nini, inafunga ule mvuke. Mgandamizo ukipanda humo ndani maji yanapita nyuzi 110 bila shida na hapo haijalishi sana uko Kasulu juu au Ujiji huku ziwani, maharage yanaiva. Yangu yaliyolowekwa usiku mmoja naweka dakika 20 baada ya presha kujaa, yasiyolowekwa 40 mpaka 45. Na kitu ambacho watu wengi hawajui, zile dakika 40 sio kwamba inavuta umeme dakika zote 40. Ikishajaa presha inajizima yenyewe, ikipungua inawaka kidogo, inajizima tena, na kwakuwa imefunikwa na ina ukuta mara mbili joto halitoki ovyo. Ukikaa kimya jikoni utaisikia, inalia "tk" inawaka, "tk" inazima.

Daftari langu linasema hivi. Maharage nusu kilo yaliyolowekwa, uniti 0.3. Yasiyolowekwa, 0.45. Makande ya nyumba nzima, 0.6. Kongoro, ambazo kwa mkaa ni kazi ya kutwa, 0.7. Wali nusu kilo 0.2. Sasa chukua yako, maharage mara tatu kwa wiki ni kama mara 12 kwa mwezi, hata usipoloweka ni uniti 5 na nusu hivi. Kama uko kwenye tarifu ya kawaida ile T1, uniti ni shilingi 292, ukiweka VAT na tozo za REA (wale wa umeme vijijini) na EWURA (wasimamizi wa nishati) inafika kama 356, ndo maana ukinunua umeme wa 1,000 unapata uniti 2.8. Kwaiyo maharage ya mwezi mzima ni kama shilingi 2,000. Na kama uko kwenye ile ya matumizi madogo, D1, ambayo uniti ni 100 kabla ya makato, ni shilingi 670 hivi. Kwa mwezi mzima! Acha ile kodi ya jengo wanayoikata mwanzo wa mwezi, hiyo utalipa upike usipike.

Kwa gesi je? Kuchemsha moto mkubwa alafu kuacha moto mdogo masaa mawili na zaidi, sufuria moja ya maharage yasiyolowekwa inakula kama robo kilo ya gesi. Mara 12 ni kilo 3. Mtungi wako una kilo 6. Yaani kila mwezi gesi ya nusu mtungi inaishia kwenye maharage, na hesabu hii unaweza kuihakiki mwenyewe kwa mizani ya dukani, pima mtungi asubuhi, pika maharage peke yake, pima tena. Ukijua hilo utaona kwanini nasema mtungi wa 15 sio dawa. Mtungi mkubwa utakaa mda mrefu zaidi kabla ya kuisha, hilo kweli, lakini maharage yatakula robo kilo ile ile, na siku ya kujaza utatakiwa kutoa hela nyingi kwa mkupuo, na kwa nyumba inayojibana kama yako hiyo siku mara nyingi inaangukia tarehe 20 hela hakuna, mnarudi kwenye mkaa wa kopo. Nimeliona sana hilo, mitungi mizuri ya 15 imekaa pembeni imewekewa kitambaa na ndoo juu yake.

Mimi kabla ya presha kuka mtungi wa kilo 6 nyumbani ulikuwa unakaa siku 24, wakati mwingine 25. Baada ya maharage, makande na nyama ngumu kuhamia kwenye umeme ulikaa siku 43, na uliofuata 41. Watu wale wale, chakula kile kile.

Nisikudanganye kwamba ndani ya huo mda wote mambo yalikuwa sawa. Nliponunua 2020 huku mjini bado tulikuwa kwenye umeme wa majenereta ya dizeli, gridi ya taifa haijafika, na jioni umeme ulikuwa unashuka unaona taa inakuwa ya njano. Presha kuka umeme ukiwa mdogo haifi, inachelewa tu. Ila inachelewa kuliko unavyodhani, umeme ukishuka toka volti 230 mpaka 180 ile ya wati 1000 inabaki na nguvu kama 600 tu, kwaiyo kama kwenu jioni unashuka usipike saa moja usiku wakati kila mtu kawasha, pika saa tisa mchana uache imefungwa, saa moja bado ni ya moto kabisa. Kinachoua ni umeme kurudi kwa kishindo baada ya kukatika. Ukikatika chomoa. Subiri dakika kadhaa urudi utulie ndo uchomeke. Chakula hakiharibiki, presha yenyewe iliyobaki inaendelea kukipika, mara nyingi nimefungua nimekuta kumbe kilishaiva.

Sasa jirani yako. Sikuiona ya kwake lakini zinazokufa kabla ya mwaka nazijua, maana wanafunzi wangu na wateja wananiletea mimi kabla ya kupeleka kwa fundi. Sababu ya kwanza na inayoniuma zaidi ni mtu kumimina maji moja kwa moja kwenye mwili wa jiko bila ile sufuria ya ndani. Wifi yangu alifanya hivyo siku ya tatu tu tangu anunue. Sufuria ya ndani ilikuwa imeoshwa iko kwenye chanja nje inakauka, giza limeingia, kachukua mchele na maji kamimina ndani, kachomeka. Ikapiga pwaa, nyumba nzima giza. Kule chini kuna plati ya moto na nyaya, maji hayatakiwi hata kijiko. Kwaiyo sheria ya kwangu nyumbani, sufuria ya ndani ikioshwa inafutwa na kurudishwa ndani hapo hapo, haikai kwenye chanja kabisa. Na chini yake kwa nje uifute ikauke, punje moja ya mchele ikikaa kati ya sufuria na plati joto halisambai na inaanza kukuzimia katikati.

Sababu ya pili ni ekstensheni. Presha kuka ya wati 1000 inavuta zaidi ya ampea 4, na zile ekstensheni nyepesi za bei ya chini ambazo waya wake ni kama wa chaja ya simu haziwezi, zinapata moto, plastiki inalainika, siku moja soketi inayeyuka na jiko linaondoka nayo. Shika waya wa ekstensheni baada ya dakika kumi za kupika, ukikuta wa moto toa. Chomeka ukutani moja kwa moja, kama soketi iko mbali na jikoni basi presha kuka ndo ihamie kwenye soketi, mimi mwaka wa kwanza nlikuwa napikia sebuleni juu ya stuli na hakuna aliyekufa.

Ya tatu ni kijiko cha chuma. Nyingi zinakuja na sufuria ya ndani yenye rangi nyeusi ya nonstiki, mtu anakwangua ukoko na kijiko au anaisugua na steelwire, miezi sita rangi imebanduka imeingia kwenye wali. Mwiko wa mti basi, na ukoko loweka. Yangu ya kwanza ilibanduka mwaka wa tatu pamoja na kuitunza, nikaagiza sufuria ya stili, inashika kidogo kwenye wali lakini ntazeeka nayo.

Alafu kuna kitu ambacho sio ubovu ila watu wanatupa jiko kwa ajili yake, nao ni mpira. Ndani ya kifuniko kuna mpira mweupe wa mduara. Huo ndo unaoziba mvuke, na huo unachoka, wangu wa kwanza ulichoka mwezi wa kumi na sita. Utajua vipi? Mvuke unaanza kutoka pembeni ya kifuniko badala ya juu, presha haijai, jiko linavuta umeme tu bila kujizima, maharage yanakauka. Mtu anasema jiko limekufa. Halijakufa, ni mpira. Kwaiyo siku unanunua mwambie muuzaji akupe na mpira wa ziada wa jiko lile lile, akisema mipira hana na hajui unapatikana wapi, hata jiko liwe zuri vipi liache hapo hapo. Kwangu hilo ndo swali la kwanza dukani, kabla hata ya bei. Kitu cha jikoni ambacho kipuli chake lazima kisafiri toka Dar kwa basi na bahasha, kwa sisi wa Kigoma kinakuwa kitu cha mwaka mmoja.

Na kwetu huku kuna suala la mawese. Mpira unanyonya. Nlipika dagaa wabichi na mawese humo mara mbili tu, mpira ukawa wa rangi ya chungwa na wali wa kesho yake ukanukia dagaa, nimeuchemsha na limao, nimeuanika juani, rangi ilipungua harufu ikabaki. Sasa nna mipira miwili, mmoja wa mboga, mmoja wa wali na maziwa, huo wa mboga nimeukata kialama kidogo pembeni niutofautishe. Mawese yenyewe na kukaanga migebuka fanyia kwenye gesi, presha kuka sio ya kukaangia, watakwambia ina kitufe cha kukaanga, ndiyo ina, lakini mafuta ya moto kwenye sufuria yenye kina kirefu unageuza samaki kwa shida unaishia kumvunja.

Nihamie kwa mama mkwe, maana usipomaliza hofu yake hilo jiko litakaa kabatini. Usimbishie. Watu wa umri wake wamezijua zile presha kuka za zamani za kuweka juu ya moto zenye filimbi, na zile mtu akizijaza kupita kiasi au tundu likiziba na ganda la harage zilikuwa zinarusha kifuniko mpaka darini, alichokisikia sio uongo. Hizi za umeme tofauti yake ni kwamba zinajipima zenyewe, presha ikifika inakata moto, na kuna kipini kidogo kwenye kifuniko kinachopanda juu presha ikijaa, kikipanda kinafunga kifuniko kama komeo, huwezi kufungua hata ukitaka mpaka kishuke. Juu ya hapo kuna tundu la akiba la kupumulia kama lile kubwa limeziba. Miaka yote hii sijaona hata moja iliyorusha kifuniko. Nlichokiona ni watu kuungua na mvuke, na hiyo ni kweli na inauma, mtu anageuza kile kidude cha kutolea mvuke huku mkono na uso viko juu yake. Simama pembeni, tumia mpini wa mwiko, elekeza kidude mbali na ukuta na kabati. Kwa maharage usitoe mvuke kwa haraka kabisa, acha kipini kishuke chenyewe robo saa, ukitoa haraka povu la maharage linakuja nalo linaziba tundu.

Usijaze. Kuna mstari ndani. Kwa vitu vinavyovimba kama maharage, makande na mchele ishia nusu ya sufuria, vingine theluthi mbili. Ndo maana kwa watu sita nasema lita 6, ukichukua ya lita 4 utajaza tu, najua. Na kila wiki chomoa mpira, chomoa kile kidude, pitisha njiti kwenye tundu, osha kipini kipande na kushuka bila kukwama. Ni kazi ya dakika tano, na kwa maoni yangu ndo bima yenyewe.

Ipi sasa. Uliyoiona wewe umesema ina vitufe 14 na kioo cha namba, na pembeni kulikuwa na nyingine ya kuzungusha kitasa kama saa. Chukua ya kitasa. Hata kama muuzaji anaicheka. Ya kitasa ndani yake kuna vitu vichache, fundi yeyote wa Kasulu aliyezoea pasi na birika anaifungua na kuielewa. Ya vitufe ina kadi, ile kadi haipendi mvuke wala umeme unaoyumba, ikifa hakuna wa kuitengeneza na bei ya kadi inakaribia jiko jipya, na ukweli ni kwamba vitufe 12 kati ya hivyo 14 hutavigusa, vyote vinafanya kitu kile kile kwa dakika tofauti. Hiyo yangu ya 2020 ni ya kitasa. Ya mgahawani ilikuwa ya vitufe, ilianza kwa kitufe cha wali kukataa, baadae ikawa inajiwasha yenyewe, nimeitoa.

Usinunue bila kuichomeka dukani. Weka maji vikombe viwili, funga, washa dakika tano, angalia kipini kinapanda, sikiliza kama mvuke hautoki pembeni. Muuzaji anayekataa kujaribisha kwa kikombe cha maji, wewe muage kwa heshima uende duka la pili. Dai risiti na waranti iwe imegongwa mhuri. Mwaka jana nlinunua blenda duka moja, silitaji, waranti ya maneno tu, wiki ya pili imeungua na mhusika akaniambia hakumbuki kama aliniuzia yeye. Tangu hapo bila mhuri sitoi hela.

Gesi yako usiiuze. Utaihitaji asubuhi, na utaihitaji siku umeme umekatika, na ugali. Ugali kwenye presha kuka sikushauri, na hasa huu wetu wa muhogo ambao unataka kusongwa kwa nguvu. Lakini hapa nina neno na wewe kuhusu hilo jiko la kufunga juu ya mtungi. Kusonga ugali wa muhogo wa watu sita juu ya kile kikalio chembamba ni hatari, mtungi wenyewe wa kilo 6 ukiwa karibu kuisha ni mwepesi, unasukuma mwiko na sufuria inaenda na mtungi. Nimemuona mwanafunzi wangu amemwagikiwa mguuni, ngozi ilitoka na soksi. Kwenye chenji itakayobaki tafuta jiko la plati moja au mbili la bati, la chini, regulata na mpira wake wa kupitishia gesi. La bati, sio la kioo, kioo kinapendeza miezi miwili, siku sufuria nzito ya ugali ikigonga pembeni au maji baridi yakimwagikia juu ya moto kinapasuka vipande elfu. Mtungi uwe pembeni umesimama sakafuni, mpira usipite chini ya plati, paka povu la sabuni kwenye maungio kila unapobadilisha mtungi uangalie kama linavimba. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini, kwaiyo ukisikia harufu fungua mlango na dirisha, usiwashe wala kuzima taa. Mpira ukianza kuwa na nyufa ukiukunja, badilisha, usifunge na gundi.

Na unapobadilisha mtungi dai upimiwe. Pale kwenye shingo kumeandikwa uzito wa mtungi mtupu, jumlisha 6, mizani iseme hivyo. Gesi yetu inashuka melini huko pwani alafu inapanda lori mpaka huku, reli tu toka Dar mpaka Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200, mpaka imefika mkononi mwako kila gramu umeshailipia njia nzima, usiiache kwa aibu ya kuomba mizani. Kampuni ya mtungi chagua ile ambayo duka la karibu yako linayo mda wote, rangi haipiki.

Mkaa nao nisiuseme vibaya, umetusomesha wengi. Toka serikali iliposema taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa mwisho wa Januari 2024 watu wengi wamekuja kuniuliza kama na majumbani tutakatazwa, na ule mkakati wa nishati safi wa 2024 mpaka 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehama ifikapo 2034, lakini mimi sikwambii uhame kwa sababu ya tangazo. Nakwambia hesabu. Kwa nyumba yako mkaa ubaki wa dharura na wa kuchomea samaki Jumapili. Jiko chukua lile lenye udongo ndani, langu lina miaka 9, siri yake ni moja, silizimi kwa maji. Ukimwagia maji udongo wa moto unapasuka siku hiyo hiyo. Funga mlango wake wa chini, funika juu na bati, mkaa unajizima na kesho unautumia tena. Na msiliingize ndani ya nyumba usiku hata kama Kasulu kuna baridi, moshi unaoua wa mkaa hauonekani na haunuki, mwambie na mama mkwe.

Birika la umeme: nunua, la stili, lita 1.5 mpaka 1.8, sio la plastiki tupu. Kuchemsha lita moja na nusu ni uniti 0.15 hivi, chupa ya chai ya asubuhi yote imejaa. Huku kwetu maji ya ziwa yana chokaa, chini ya birika panaota utando mweupe mgumu na birika linaanza kupiga kelele na kuchelewa, nakamulia limao mbili kwenye maji nachemsha naacha nusu saa naosha. Kwenu sijui maji yenu yakoje, we angalia tu chini ya birika baada ya mwezi. Ila birika na presha kuka visiwake pamoja kwenye soketi moja, birika peke yake linavuta wati 1500 mpaka 2000.

Sasa kama uko D1 uangalie jambo moja, ukizidi uniti 75 kwa mwezi kila ya ziada wanaikata 350, sio 100. Presha kuka kila siku ni kama uniti 10 mpaka 12 kwa mwezi, birika 4 au 5. Kama mna friji na pasi jumlisha uone mnafika wapi kabla ya kuanza, kama mna taa na tv tu hamtagusa 75.

Kwa laki na themanini yako agizo langu ni hili: presha kuka ya kitasa lita 6, mpira wa ziada, na kama kuna kinachobaki ni plati ya bati na regulata, birika lisubiri mwezi ujao. Leo usiku loweka maharage. Kabla hata hujaenda dukani, hiyo peke yake itakuongezea siku kadhaa kwenye mtungi.

Na siku ya kwanza usipike chakula, weka maji matupu, muite mama mkwe akae kwenye kigoda chake pale pale, mwambie kile kipini kikipanda ndo komeo limefunga, mwache ajaribu kufungua kifuniko aone kinagoma. Alafu mpe mwiko yeye mwenyewe ndo atoe mvuke, akiwa amesimama pembeni. Kipini kikidondoka mwambie sasa fungua mama. Wa kwangu nlimfanyia hivyo hivyo, wiki iliyofuata nikakuta ameshaloweka makande yake.